Gauni la Harusi, Darasa la Mazoezi na Ua Wetu wa Ndalambo



Leo tunakuandikieni kutoka mbali na bahari. Ndalambo ni kata ya wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, upande wa barabara inayotoka Tunduma kwenda Sumbawanga. Mkoa wenyewe bado mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huku hakuna minazi wala karafuu juani. Kuna mahindi, maharage, na mvua ya Disemba inayogeuza njia kuwa tope jekundu. Waislamu hatuko wengi, lakini majirani ni watu wema, na adhana ya simu inatosha kutukumbusha wakati.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu ameolewa na mfanyabiashara wa mazao, akamfuata mumewe huku miaka sita iliyopita. Mwingine ni dada wa huyo mume, aliyevuka kutoka Unguja kwa boti, kisha akapanda basi la Dar es Salaam mpaka Tunduma, miguu ikavimba kama mbatata. Alikuja na begi lililojaa udi, liwa, hina na vitambaa, kwa sababu binti wa nyumba hii alikuwa ameposwa na harusi imepangwa mwezi wa Shaabani, Unguja. Kwa hiyo mmoja wetu ni mama wa bibi harusi, mwingine ni shangazi yake, na yote tutakayoyasimulia hapa tumekubaliana kuyasimulia kwa mdomo mmoja. Bibi harusi mwenyewe ametupa ruhusa. Alisema, "Yaandikeni, labda kuna mwenzangu anafanya kama mimi."

Mambo yalianza na gauni. Shangazi alilileta kutoka Unguja, jeupe, refu, mikono mirefu, shanga kifuani, la stara kabisa. Binti akalivaa chumbani, akatoka. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma. Mmoja wetu akasema, "Haya mwanangu, hapa ama gauni liongezeke, ama wewe upungue." Na sisi sote wawili tukacheka. Hatutakwambieni ni yupi aliyesema, maana aliyecheka naye hakuwa bora. Binti naye alicheka. Akalivua, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko wake taratibu, na sisi tukarudi jikoni kuangalia maharage.

Baada ya siku chache akatuambia anataka kufanya mazoezi. Tulifurahi. Tulijiona ni watu wa kisasa. Shangazi akakumbusha kwamba kwetu Zanzibar mazoezi si jambo geni kwa wanawake: kila tarehe 1 Januari ni Siku ya Mazoezi ya Kitaifa, na vikundi vya mitaani hutoka alfajiri, mabuibui na raba, mitandio imefungwa vizuri, kina mama wa makamo wakikimbia mchakamchaka bega kwa bega na watoto wao. Basi tukauliza huku na huku, tukaambiwa Tunduma mjini pana jimu iliyoanzisha darasa jipya la kikundi, erobiki na Zumba kila Jumamosi asubuhi. Tukasema twende sote watatu. Shangazi ana sukari inayopanda, mama ana magoti yanayolia, bibi harusi ana gauni. Kila mtu na dawa yake.

Kwa ambaye hajui, Zumba ni mazoezi ya kucheza kwa kufuata muziki. Ilianzishwa miaka ya 1990 na mwalimu mmoja wa mazoezi wa Cali, Kolombia, Beto Pérez, ambaye siku moja alisahau kanda zake za darasani, akatumia nyimbo za salsa na merengue alizokuwa nazo, na wanafunzi wakapenda kuliko zile za kawaida. Tulipomsimulia jirani yetu habari hiyo akacheka mpaka akakaa chini. "Mnapanda gari kwenda kulipa pesa ili mtoke jasho? Njooni shambani kwangu, palizi ni bure."

Hatukumsikiliza. Jumamosi tukaswali Alfajiri, tukavaa traksuti ndani na mabuibui juu, tukasimama barabarani kusubiri gari. Bibi harusi alikataa chai. Alisema gari linamchafua moyo akiwa ameshiba. Tukaona ni neno la busara.

Darasa lenyewe, tuseme haki, lilikuwa na uhai. Chumba kirefu, vioo ukuta mzima, spika kubwa kuliko friji. Tulilipa shilingi 5,000 kila mmoja. Wanawake walikuwa kumi na kitu, wengi ni wafanyabiashara wa pale mpakani, na wanaume kama watano nyuma kwenye vyuma. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, hachoki, anahesabu huku anacheka. Tulijipanga safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, tukiwa na mitandio mifupi na mashati marefu ya kufika magotini. Dakika kumi za mwanzo tulijikuta tunacheka kama wasichana wa skuli. Yeye anakwenda kulia, sisi kushoto. Yeye anainua mkono, sisi tunainua mguu. Shangazi alisema hajatoka jasho la namna ile tangu siku ya kuhama nyumba.

Kisha tukaiona simu. Kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni anachukua video ya darasa, anaipitisha taratibu kutoka safu ya mbele mpaka kwetu. Tukageuka ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani. Mama akatoka safuni akamwendea mwalimu. Shangazi akajiweka kama pazia mbele ya kijana wa simu. Tukaeleza kwamba sisi hatukukubali kupigwa picha, na hasa binti yetu ni mchumba wa mtu. Muziki ukazimwa. Watu wanatutazama. Mwalimu, Mungu amlipe, hakubisha. Alisema video ni za matangazo, hakujua kama itatuudhi, akamwambia kijana aifute mbele ya macho yetu, naye akaifuta. Tukawa bado tunasisitiza, mmoja anasema hivi, mwingine anaongeza vile, tukiona tumeisimamia heshima ya nyumba yetu sawasawa.

Nyuma yetu tukasikia kishindo.

Mwanetu alikuwa chini. Kichwa kimeegemea kioo, midomo imekauka, rangi imemtoka. Kina mama wa pale walifika kwake kabla yetu. Mmoja alimlegeza mtandio huku mwenzake ametanua kitenge kumsitiri, mwingine anampepea, wa tatu anauliza, "Amekula nini huyu?" Sisi, mama yake na shangazi yake, tulitazamana. Hatukuwa na jibu.

Tulimpeleka kituo cha afya cha karibu kwa bajaji. Muuguzi akampima presha, ikawa chini. Akamtoboa kidole, sukari nayo chini. Akampa maji yenye sukari anywe kidogo kidogo, akakaa kwenye kiti mbele yake, akamuuliza kwa upole, bila ya sisi kuambiwa tutoke na bila ya sisi kutazamwa, siku hizi anakula nini. Ndipo tukayasikia. Siku kumi na moja binti alikuwa anakula mlo mmoja, na wakati mwingine hata huo anautoa kwa kuku. Akitukuta jikoni anasema ameshakula. Akituona tunakula anasema amefunga sunna. Na kila usiku alikuwa anakunywa chai ya kupunguza tumbo aliyoagiza kwa rafiki yake. Pakiti ilikuwa mkobani. Muuguzi akaifungua, akanusa, akatuonyesha majani.

Sanamaki. Sisi watu wa pwani tunaijua toka utotoni. Bibi zetu walitupa kijiko kimoja tumbo likifunga. Muuguzi akaeleza: chai nyingi za namna hii kazi yake ni kuharisha. Uzito unaoshuka kwenye mizani ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Na maji yakitoka yanaondoka na madini ambayo moyo na misuli inayahitaji. Mtu akiinywa kila siku huku hali, kisha akaenda kurukaruka chumbani kwenye joto, kuanguka ni jambo la kutegemewa. "Ameanguka kwenye sakafu," alisema. "Mshukuruni Mungu haikuwa barabarani."

Wapenzi, hapo ndipo tulipoiona aibu yetu. Tulikuwa tumepigana na simu ya mtu ili mwili wa mwanetu usionekane, na sisi wenyewe hatukuwa tumeutazama kwa siku kumi na moja. Alikuwa amekonda usoni, tukasema ni haya za uchumba. Alikuwa anachelewa kuinuka baada ya kusujudu, tukasema ni usingizi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tunalinda mlango na kilichokuwa kinamla kiko ndani, tumekiingiza sisi kwa kicheko.

Kwenye gari la kurudi Ndalambo hakuna aliyezungumza mpaka tulipotoka mjini. Kisha mama akasema, "Nisamehe." Shangazi akasema, "Na mimi." Binti alikuwa anatazama dirishani, mvua inapiga kioo. Akasema, "Nilidhani mnataka kweli nipungue. Nilitaka muone nimeweza." Sentensi hiyo mpaka leo ikitujia tunanyamaza.

Jioni ile tulikula pamoja, sinia moja, wali na maharage ya nazi ya unga, maana nazi yenyewe huku ni ya kuagiza. Hatukumhesabia matonge. Baada ya Isha shangazi akasimulia kisa ambacho wengi wenu mnakijua, kimepokewa na Abu Dawud: Bibi Aisha, Mungu amridhie, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini, na Bibi Aisha akashinda. Muda ukapita, akanenepa, wakashindana tena, mara hii Mtume akashinda, akamtania kwamba wamelipana. Tulishakisikia kisa hicho mara nyingi kama dalili kwamba mke na mume wacheze. Usiku ule tulisikia jambo jingine. Mwili wa Bibi Aisha ulibadilika, na yeye mwenyewe akausimulia unene wake bila ya kuficha, na mumewe akaendelea kumwalika mbio. Hakuna aliyempa chai ya sanamaki.

Kurudi kwenye lile darasa la mjini hatukukataa. Mwalimu alikuwa ametuambia tukipatikana wanawake kumi atatutengea saa yetu peke yetu, na tunadhani alisema kweli. Ila nauli ya watu watatu kila Jumamosi kutoka Ndalambo ni mzigo, na binti alihitaji kwanza wiki ya kula na kulala. Kwa hiyo tukaanza na jirani. Tulimfuata shambani kama alivyotualika. Jamani, palizi! Nusu saa tu viganja vikatoka malengelenge, mgongo ukakataa kunyooka, na wanawake wa umri wa mama zetu wametuacha mstari mzima nyuma. Yule jirani hakutucheka sana. Alituambia tu kwamba kila mwili una kazi uliyozoeshwa.

Baadaye akawa ndiye mwanachama wetu wa kwanza. Nyumba yetu ina ua uliozungushiwa mabati, mlango mmoja, na saa kumi na moja jioni baba wa nyumba huwa yuko ghalani. Tukatandika mikeka, tukaweka ndoo ya maji. Mwanzoni tulikuwa wanne, mwisho tukafika tisa: Waislamu wawili zaidi, wengine Wakristo, akiwemo mwimbaji wa kwaya anayeweza kuhesabu mpaka ishirini bila ya kuvuta pumzi. Mwalimu hatukuwa naye. Kila siku mmoja anaongoza anachokijua. Kutembea haraka kuzunguka ua. Kuinuka na kukaa kwenye kigoda mara kumi, dawa nzuri ya mapaja na magoti. Kusukuma ukuta kwa mikono. Kuruka kamba kwa wanaoweza. Na mwisho mchezo ambao wao huku wanauita rede, na sisi kwetu tumekua na nage, ya kwao na ya kwetu zinakaribiana: mpira wa soksi, wawili wanarusha, wa katikati anakwepa. Mkitaka kujua kama mioyo yenu ni mizima, chezeni rede mkiwa na miaka arobaini na tano.

Masharti yetu yalikuwa matatu. Simu zinabaki ndani. Hakuna anayeingia uani hajala kitu tangu asubuhi, isipokuwa aliyefunga kweli, na aliyefunga anatembea taratibu tu. Na hakuna kuusema mwili wa mwenzio, hata kwa utani, hata kwa sifa. Sharti la tatu lilikuwa gumu kuliko palizi. Tulijikuta tunameza maneno kila baada ya dakika tano.

Tarehe 1 Januari ndugu zetu wa Unguja walitutumia picha za matembezi yao. Sisi tulikuwa uani na tope mpaka vifundoni, tukifanya yetu. Binti alicheza rede siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alipigwa mpira wa mgongo, akageuka akicheka, akarusha wake. Mama yake alijifanya anafunga kamba za raba.

Gauni je? Fundi mmoja wa Tunduma alifungua mishono ya pembeni, akaingiza vipande viwili vya kitambaa cheupe na kuvifunika kwa lesi. Kazi ya siku mbili. Kitu kilichotaka kumgharimu mwanetu afya yake kilimalizwa na mkasi na sindano. Kwenye harusi watu walisifu ile lesi ya pembeni, wakauliza mshono huo umetoka wapi. Na usiku wa kupambwa, kungwi alipokuwa anamsinga, alimwambia kitu sikioni, binti akacheka kicheko cha tumbo, cha mtu aliyeshiba.

Kabla hatujaagana, tunayo machache kwa mabibi harusi watarajiwa, na kwa mama zao na makungwi wao.

Ukitaka mazoezi kabla ya harusi, anza miezi mitatu nyuma, usisubiri wiki tatu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini. Ikiwa una sukari, presha au ujauzito, zungumza na daktari au muuguzi kwanza.

Ukienda jimu kwa mara ya kwanza, piga simu uulize kabla ya kulipa: kuna saa ya wanawake peke yao? Mwalimu ni nani? Wanapiga video? Kuuliza si ushamba. Na kama hakuna saa yenu, tafuteni ua, ukumbi wa madrasa baada ya masomo, au sebule ya mwenzenu.

Chai za kupunguza tumbo ziacheni dukani. Someni pakiti. Mkiona sanamaki, basi mmeshajua kazi yake.

Na sisi mama na mashangazi: binti akisema ameshakula, tukae naye tuone. Akisema amefunga, tumpikie futari tuile pamoja. Tumeamrishwa tuitunze amana, na mwili ni amana, una haki yake kabla ya gauni na baada ya gauni. Neno moja la kibarazani linaweza kuingia kwa msichana likakaa siku kumi na moja bila ya sisi kujua.

Shangazi amesharudi Unguja. Sukari yake imeshuka kidogo, alhamdulillah, na amekusanya wanawake saba wa mtaani kwake kwa ajili ya nage. Mama yuko Ndalambo na ndoo yake ya maji. Jana binti alipiga simu kutoka kwa mumewe. Mama akamuuliza leo umekula nini. Akataja kila kitu, mkate wa kumimina, samaki, embe mbili, akataja mpaka chumvi, kisha akasema, "Na wewe mama, umekula?"

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na miili yenu. Amin.